Keki ya Watu Wasiohesabiwa

Juzi nilikwenda kwenye duka la keki hapa Ngoingwa kuagiza keki ya mjukuu wangu aliyemaliza chuo, na nikatoka pale nimekasirika hivi kwamba mjukuu mwenyewe aliniuliza kama nimetukanwa. Sikutukanwa. Msichana wa dukani alikuwa na adabu zake zote. "Shosho, mtakuwa wangapi?" aliniuliza, kidole kikiwa tayari juu ya simu. "Kilo moja inatosha watu kumi hivi, ikikatwa vizuri. Nipe namba nikupigie hesabu." Namba! Nikamwambia atengeneze keki kubwa. Akasema, "Kubwa kiasi gani?" Nikamwambia kubwa ni kubwa. Tukaendelea kuvutana hivyo mpaka mjukuu wangu akainama kwenye kaunta akamnong'oneza namba yake mwenyewe, akidhani sisikii.

Rafiki yangu, huwezi kunielewa mpaka nikueleze habari ya keki ya shangazi yangu. Hasira hii si ya juzi. Ina miaka mingi kuliko meno niliyo nayo mdomoni.

Tulikaa Ruiru, mwishoni mwa ile miaka ya hamsini, katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba zilipangwa kwa mistari, handaki likauzunguka mji mzima, na lango la kutokea lilikuwa moja tu. Nje ya handaki ilikuwa kahawa, kahawa, kahawa mpaka macho yachoke. Ukiniuliza utoto wangu ulinuka nini, nitakwambia maganda ya kahawa yaliyooza karibu na kiwanda cha mzungu, harufu chachu iliyoingia mpaka kwenye uji. Asubuhi kipande cha reli kilichoning'inizwa karibu na lango kiligongwa, mama akabeba kikapu akaenda kuchuma kahawa, nami nikabaki na Shosho, mama mzazi wa baba yangu. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji mtoni, kuokota kuni, kupepeta maharagwe ya njahi na kufukuza kuku. Baba sikuwa naye. Yeye na mdogo wake walichukuliwa na lori la askari nikiwa na miaka sita, na hawakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia waliishia wapi. Kati ya watoto watatu aliozaa Shosho alibaki shangazi yangu peke yake, kitinda mimba wake, na huyo ndiye aliyepata mchumba.

Mchumba alikuwa wa Thika. Wazee walikutana, wakanywa uji, wakakubaliana: upande wa bwana harusi walete mbuzi na lori la kubeba watu, upande wetu tulete keki. Hapo ndipo mama yake bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliposema neno lake. "Kwetu," alisema, "hata mtoto aliye mgongoni hupewa kipande chake."

Lilikuwa neno dogo tu, lakini shangazi hakulala. Sasa elewa jambo moja kuhusu watu wetu. Nyama ya mbuzi wa sherehe haigawiwi ovyo kwetu. Kila mtu ana sehemu yake, na ukirukwa umeambiwa mbele ya umati kwamba wewe si wa hapa. Keki ilipokuja na wamisionari ilirithi sheria hiyo hiyo. Mtu akikosa kipande cha keki ya harusi, atakukumbusha siku ya ubatizo wa mtoto wako, atakukumbusha siku ya mazishi ya mumeo. Shangazi alikuwa anaingia nyumba ya watu, mke wa kwanza kutoka Ruiru kuolewa kule, na alijua vizuri kwamba akitanguliwa na sifa ya uchoyo, hataivua maisha yake yote. Tangu kaka zake wachukuliwe hakuwa ameomba kitu chochote duniani. Aliomba keki, na aliomba itoshe.

Mwokaji wa keki za harusi za watu wetu alikuwa mmoja tu, kule Thika, nasi tulimwita Mpishi. Alijifunza kazi miaka mingi kwenye jiko la mzungu wa kahawa, kisha akakodi chumba nyuma ya maduka na kujenga tanuri lake la matofali. Nilipoingia mle mara ya kwanza nilidhani nimefika mbinguni. Zabibu kavu zilikuwa zimelowekwa kwenye bakuli kubwa, kulikuwa na mdalasini, kulikuwa na siagi halisi, na ukutani ilitundikwa mikebe ya kuokea kuanzia mdogo kama kikombe hadi mkubwa kama karai. Lakini ole wako umuulize Mpishi swali. Alikuwa anajibu kama hakimu.

"Keki ya ukubwa gani?" aliuliza, mikono nyuma.

"Ya kutosha," shangazi akasema kwa heshima.

"Kutosha nani? Ratili moja ni watu kumi. Mnaalika wangapi?"

Shangazi alinitazama mimi, mimi nikatazama zabibu. "Ni wengi," akasema.

"Wengi wape, ndiyo," Mpishi alisema, "lakini mimi nina mikebe, sina maneno. Keki ikiwa ndogo mtanilaumu. Ikiwa kubwa mtaila kavu wiki nzima na kusema Mpishi hajui kazi. Nendeni mkahesabu watu wenu. Na mjue keki ya zabibu lazima ikae wiki mbili ndipo ikolee. Mkichelewa, tafuteni mandazi."

Hebu niambie, ilikuwa kazi ngumu hiyo? Kuhesabu watu? Mimi nilikuwa darasa la tatu, nilihesabu mpaka elfu bila kupumua. Tulirudi Ruiru kwa gari la moshi, shangazi akiwa na furaha, akisema ni jambo la jioni moja tu. Alikuwa amesahau anarudi kwa nani.

"Watu hawahesabiwi," Shosho alisema, wala hakuinua macho kwenye viazi alivyokuwa anamenya.

"Mama, ni kwa ajili ya keki tu."

"Hata mbuzi hatuwahesabu. Mwenye mbuzi huwajua kwa nyuso. Ukihesabu watu unamwonyesha mauti pa kuanzia."

Shangazi alibembeleza. Alieleza habari ya ratili. Alisema hata kanisani watu huandikwa kwenye daftari. Shosho akasema ndiyo maana wanakufa. Aa! Wewe ungejibu nini hapo? Mwishowe alikubali kutoa kipimo chake mwenyewe. "Mwambieni huyo mtu wenu wa Thika kwamba ni watu wa mitungi minne ya uji na sufuria mbili kubwa za mukimo wa viazi. Kama anajua kupika ataelewa."

Basi tukaenda tena Thika, na usidhani kwenda Thika kulikuwa kutoka tu mlangoni. Kila safari ilihitaji barua ya ruhusa kutoka kwa karani wa chifu, na karani yule alikuwa akikuweka juani asubuhi nzima ndipo akumbuke mahali alipoweka kalamu. Tulisimama juani, tukapata barua, tukapanda gari la moshi, tukamfikia Mpishi, na shangazi akamwambia kwa haya, "Ni mitungi minne ya uji na sufuria mbili za mukimo."

Mpishi alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. "Dada," alisema, "je, mimi nikikupa ratili nane za keki, utazimimina kwenye mtungi?" Akafungua mlango akatuonyesha njia. "Jumamosi ijayo ni mwisho. Nataka namba."

Shangazi alilia garini kutoka Thika mpaka Ruiru. Hakulia kwa sauti. Alikuwa amegeukia dirishani, na mimi nilikuwa nimekasirika na watu wazima wote wa dunia, huyu na ukaidi wake wa mikebe, yule na ukaidi wake wa mauti, na katikati yao msichana wa watu anayetaka kuolewa kwa amani. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa hata hawakuwa wameonana!

Ni mimi niliyepata dawa. Mimi, na darasa langu la tatu. Nilimwendea Shosho Alhamisi, nikamkuta uani, nikamwambia hatutahesabu watu. Yeye ataje tu majina ya wageni, nyumba kwa nyumba, nami nitaweka punje ya mahindi kwenye ungo kwa kila jina. Kisha nitahesabu mahindi. Mahindi si watu.

Shosho alinigeukia. "Nani amekufundisha ujanja huo?"

"Hakuna."

"Hmm," akasema, na akaanza kutaja.

Nilitamani shangazi angekuwepo aone. Shosho alitaja watu kama anayetembea mlango kwa mlango: mama fulani wa karibu na lango, mume wake mwenye mguu mbovu, watoto wao, mwalimu wangu na mkewe, wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya, kisha upande wa Thika kama alivyowajua kutoka siku ya mazungumzo. Punje moja, punje moja. Ungo ukaanza kujaa. Alipomaliza nilitaka kuhesabu papo hapo, lakini akaniambia maji yamekwisha, niende mtoni kwanza. "Mahindi hayana miguu," alisema.

Nilikwenda mbio, nikarudi mbio, nusu ya maji ikinimwagikia mgongoni. Nilipoingia uani nikakuta kuku wetu mwekundu amesimama katikati ya ungo, anadonoa. Shosho alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, anachambua njahi.

"Haiya! Shosho! Kuku anakula wageni!"

"Kuku ana njaa," alisema.

Wee! Nilirusha kata, nikamkosa kuku, nikapasua chungu. Zilibaki punje chache pembeni mwa ungo. Nililia, nikamwomba ataje upya, naye akasema amechoka, na jina la mtu halitajwi mara mbili kwa siku moja kama la mbwa aliyepotea. Kesho yake alisema kichwa kinamuuma. Jumamosi asubuhi shangazi alikuwa na barua ya karani mkononi na leso yake nzuri kichwani, ananiuliza, "Umepata?" Angalia uso wake ule. Ningemwambia nini?

Nilikwenda ghalani, nikachota mahindi kwa viganja viwili, nikayahesabu kwenye giza la ghala. Mia moja na kumi na nane. "Ndiyo, Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi. "Ni mia moja na kumi na nane."

Alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Mpishi naye, kwa mara ya kwanza, alitabasamu. "Huyu mtoto ana akili," alisema. "Ratili kumi na mbili, vipande mia moja na ishirini. Viwili vya ziada ni vya maharusi. Una hakika na hesabu yako?" Nikasema ndiyo kwa sauti kubwa, kama waongo wote. Wiki mbili hizo sikula vizuri. Nilipokutana na mtu njiani nilijiuliza kama ni mmoja wa wale mia moja na kumi na nane au ni mmoja wa waliomezwa na kuku.

Siku ya harusi ilikuwa siku njema, nisiseme uongo. Kwaya iliimba mpaka mabati ya kanisa yakaitika. Lori la Thika liliingia uwanja wa shule na watu wakaanza kushuka, wakashuka, wakashuka. Mpishi alikuja mwenyewe na keki yake kwenye sanduku la mbao, nyeupe, imekakamaa kwa sukari, nzuri kupita bibi harusi, Mungu anisamehe. Alikuwa na kisu na rula. Ndiyo, rula! Alikata vipande mia moja na ishirini vilivyolingana pande zote, akavipanga kwenye sinia, na mwalimu wangu akasema watoto wapewe kwanza ili wanyamaze.

Nilipewa changu. Niliking'ata kona, polepole, zabibu moja na sukari kidogo, na kwa dakika moja nilisahau dhambi zangu zote. Kisha nikaona sinia ya mwisho inarudi tupu.

Benchi mbili zilikuwa hazijapata. Benchi mbili za watu wa Thika, kwa sababu waliketi mbele kwa heshima na ugawaji ulianzia nyuma kwa watoto. Kati yao alikuwa mama yake bwana harusi, mikono imetulia juu ya mapaja, anatazama mbele. Shangazi, katika shela yake ya kuazima, aligeuka akanitazama mimi.

"Mia moja na ishirini," Mpishi alisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Niliulizwa, nikaoka. Hesabu ni yenu."

Hapo Shosho akainuka. Alichukua sinia tupu akaja moja kwa moja kwetu, watu wa nyumbani. "Leta," aliniambia. Nikafumba mkono. Akaufungua, kidole kwa kidole, akachukua kipande changu na alama ya meno yangu juu yake. Akachukua cha mama. Akachukua cha jirani, cha mwalimu, vya akina mama wa kijiji chetu chote, na hakuna aliyebisha. Akaenda mezani, akachukua kisu cha Mpishi, akaanza kukata kila kipande katikati.

"Mama, unaniharibia kazi!" Mpishi alilalamika.

"Wewe pumzika na rula yako," akamwambia.

Kisha akapita. Hakuhesabu. Alikuwa anatazama nyuso tu, mmoja baada ya mwingine, anaweka kipande mkononi, anasogea. Kulikuwa na mtoto mchanga amefunikwa mgongoni mwa mamaye benchi ya pili, hata mimi sikuwa nimemwona. Shosho alifunua shuka akambandika chembe ya sukari mdomoni. Hakumruka mgeni hata mmoja. Kipande changu, nusu ile yenye meno yangu, kilitua kwenye kiganja cha mama yake bwana harusi. Alikigeuza. Aliyaona meno, sina shaka. Akakila chote, akapangusa vidole, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Ni tamu." Na wanawake wa Thika wakapiga vigelegele.

Mimi nilibaki na mikono mitupu. Waliokula wote walikula kwa sababu yangu, na waliokosa wote, kuanzia mimi, walikosa kwa sababu yangu, na sikuweza hata kununa waziwazi.

Asubuhi yake nilikuwa nasugua masufuria uani kwa majivu nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia Shosho kila kitu, ghala, viganja viwili, uongo wangu kwa Mpishi. Nilitegemea kofi.

"Najua," alisema. "Yule kuku ni mimi niliyemwachia."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nilimuuliza kwa nini, na sikumuuliza kwa adabu. Nilimfokea. Nilimwambia alitaka kumwaibisha shangazi, kwamba keki ingetosha, kwamba mimi ningekula yangu. Aliniacha nimalize.

"Siku ile ya lori walitupanga pale langoni," alisema. "Askari akapita na fimbo anagusa vichwa, anahesabu. Baba yako aliguswa. Mdogo wake akaguswa. Jioni walikuwa hawapo. Sasa na huyu mmoja niliyebaki naye, nimtie kwenye hesabu siku ya harusi yake?"

Alichukua sufuria niliyoisugua, akaitazama ndani, akasema bado ina masizi. Nikairudia.

Leo kijiji kile hakipo. Handaki lilifukiwa, kahawa ikang'olewa, na pale tulipoketi kwenye benchi siku ile wamejenga majumba ya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha. Tanuri la Mpishi sijui lilibomolewa lini. Keki siku hizi ni laini, ina rangi saba, inakuja na jina lako na haina hata zabibu moja. Watu wanaalikwa kwa simu, wanajibu kwa simu watakuja au hawatakuja, na wasiojibu hawana kiti. Hakuna mama anayeweza kupita kwenye benchi akitazama nyuso na kujua nani hajala. Mimi mwenyewe siwezi, na ninajua kusoma na kuandika.

Shangazi aliishi. Alikaa katika nyumba ile ya Thika mpaka nywele zikawa nyeupe zote, akamzika mama mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe, akafa kitandani mwake mzee sana, watoto wamemzunguka. Shosho angesema ni kwa sababu ya yule kuku. Upuuzi mtupu, na bado namdai kipande changu cha keki. Kama unaweza, nenda wewe ukambishie.